Jua la Kapkatet na Dhati ya Mungu: Swali la Karne ya 17 katika Nchi ya Wakipsigis

Kapkatet ni mji mdogo wa Bureti, katika Kaunti ya Kericho, kwenye barabara itokayo Kericho kuelekea Sotik, jirani na Litein. Jina lake linaanza kwa kap-, kiambishi ambacho katika Kikalenjin huonyesha mahali au nyumbani kwa fulani, kama ilivyo katika Kapsabet, Kapenguria na Kapkoros. Hili la mwisho lina uzito wake katika makala haya, kwa maana kapkoros si jina la mji tu. Ni jina la mahali pa ibada, aghalabu juu ya kilima, ambapo Wakipsigis wa zamani walikutanika kumwomba Asis. Nyumbani nako kulikuwa na mabwaita, madhabahu ya fito na matawi iliyosimikwa nje ya mlango kwa upande wa mashariki. Mzee aliyetoka nje alfajiri alilielekea jua linalochomoza, akatema mate kwa namna ya kubariki, akaomba apewe watoto, mifugo na mvua.

Alimwomba nani? Swali hili ni jepesi kuuliza, na limesumbua watu wengi. Asis ni Mungu, asista ni jua, na maneno hayo mawili ni neno moja. Kila nomino ya Kikalenjin, isipokuwa chache, ina maumbo mawili: la kwanza ni fupi, la pili limeongezwa kiambishi mwishoni. Taaitta Toweett, mwana wa nchi hiyo hiyo ya Wakipsigis, aliyekuwa mwanasiasa na mwanaisimu, aliyaeleza mambo haya ya muundo wa lugha yake katika A Study of Kalenjin Linguistics (1979). Hata hivyo sarufi haisemi kama mzee yule aliomba jua, au aliomba kitu kilicho nyuma ya jua, au hakuona haja ya kutenga viwili hivyo.

A. C. Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni, alipoandika The Nandi (1909) alimtaja Mungu Mkuu wa Wanandi, ndugu za Wakipsigis, kwa jina lile lile la jua. Baadaye J. G. Peristiany akatoa kitabu chake juu ya Wakipsigis mwaka wa 1939, na cha Ian Orchardson, aliyekaa kati yao miaka mingi, kikachapishwa kwa muhtasari Nairobi mwaka wa 1961. Ndipo John Mbiti, katika African Religions and Philosophy (1969), alipotaka kuufunga mjadala kwa Waafrika wote kwa pamoja: jua laweza kuwa dhihirisho la Mungu, na jina laweza kuwa moja, lakini hapana mahali palipothibitishwa kwamba jua lenyewe huhesabiwa kuwa Mungu. Basi majibu ni mawili. Wako wanaosema Wakipsigis waliabudu jua, na wako wanaosema walimwabudu Mungu mmoja ambaye jua ni ishara yake. Wa kwanza aghalabu walikuwa wageni wenye dharau, wa pili ni wenyeji wenye kujitetea, na huruma ya msomaji bila shaka itakuwa kwa hawa wa pili.

Lakini majibu yote mawili yanasimama juu ya dhana moja, nayo haikuzaliwa Kericho. Ni dhana ya kwamba kitu ni hiki au ni kile, kwamba jua ni kitu kamili kwa nafsi yake na Mungu ni kitu kingine kamili kwa nafsi yake, na kwamba anayeomba hana budi kuchagua kimojawapo. Dhana hiyo ilinolewa Ulaya kati ya mwaka wa 1641 na 1714 na wanafalsafa wa urazini, yaani wale walioshikilia kwamba akili yenyewe, bila kutegemea macho na masikio, yaweza kufika kwenye misingi ya mambo yote. Ajabu ni kwamba wao nao walibishana juu ya jua.

Jua la Descartes

René Descartes (1596–1650), katika tafakuri yake ya tatu iliyochapishwa mwaka wa 1641, anasema amekuta ndani yake fikira mbili za jua. Moja imetoka machoni, na kwa hiyo jua ni dogo. Nyingine imetoka katika hoja za wanafalaki, na kwa hiyo jua ni kubwa mara nyingi kuliko dunia. Fikira hizi mbili haziwezi zote kufanana na jua lenyewe, na akili inamhakikishia kwamba ile iliyotoka machoni moja kwa moja ndiyo isiyofanana nalo kabisa. Tangu hapo jua la mchungaji na jua la msomi yakawa majua mawili, na la msomi ndilo lililopewa haki ya kuitwa jua.

Miaka mitatu baadaye, katika Principia Philosophiae (1644), Descartes alieleza kitu ambacho wanafalsafa wa Kilatini walikiita substantia. Kwake ni kile kilichopo kwa namna ambayo hakihitaji kingine chochote ili kiwepo. Mara akatambua kwamba kwa maelezo hayo Mungu peke yake ndiye anayestahili jina hilo, kwa sababu vingine vyote vinamhitaji Yeye. Akajitoa kwa kusema kwamba neno hilo halina maana moja linapotumiwa kwa Mungu na linapotumiwa kwa viumbe. Viumbe huitwa hivyo kwa kuwa havihitaji kingine isipokuwa msaada wa Mungu tu. Kisha akavigawa viumbe mafungu mawili: nafsi, ambayo asili yake ni kufikiri, na mwili, ambao asili yake ni kuwa na urefu, upana na kina.

Hapa Kiswahili kinajikwaa, na ni kujikwaa kwenye manufaa. Neno dutu limekwisha kuchukuliwa na wanakemia. Kiini kinafaa kwa yai na kwa hoja. Yapo mawili ya asili ya Kiarabu yenye historia ndefu zaidi: johari na dhati. Wanafalsafa wa Kiarabu, walipowatafsiri Wayunani, walikiita kitu kisimamacho chenyewe jawhar, neno walilolitoa katika Kiajemi lenye maana ya kito. Kiswahili kikalipokea neno, kikaacha falsafa. Johari kwetu ni kito cha thamani, basi. Na hata madrasa zilizoijua maana ya pili hazikuliruhusu kwa Mungu. Wanazuoni wa Kiashari, ambao mafundisho yao ndiyo yaliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, hufundisha wazi kwamba Mwenyezi Mungu si jawhar. Al-Ghazali (aliyefariki mwaka wa 1111) aliliandika hilo katika akida yake. Wakasema kwamba Mungu ana dhati, na dhati hiyo ina sifa. Mtoto wa chuoni Lamu au Mombasa aliyekaririshwa sifa ishirini za wajibu alikuwa amekwisha kukutana na jozi ya maneno ambayo Spinoza angeyahitaji: dhati na sifa. Makala haya yanatumia dhati kwa sababu hiyo, ingawa katika mazungumzo ya kila siku neno limepungua likabaki katika “nia ya dhati” na “kwa dhati ya moyo”. Lau mtu angechagua johari, kila sentensi ya Spinoza ingesikika pwani kama kosa la akida kabla hoja yake haijasikika.

Tukio kubwa katika mgawanyo wa Descartes ni lile lililolipata jua. Katika sehemu ya tatu ya Principia jua ni rundo la chembe nyembamba ziendazo kasi, katikati ya mzunguko mkubwa unaozichukua sayari. Lina ukubwa, umbo na mwendo. Halina sikio. Halitaki wala halikatai. Kwa mtu aliyelipokea jua hili, mzee wa Kapkatet anayetema mate kuelekea mashariki hakosei katika jambo la ibada tu. Amekosea aina ya kitu, kama mtu anayelisalimu jiwe. Hapo ndipo yanapoanza majibu mawili yaliyotajwa juu. Maadam jua ni mwili mtupu, ama mzee anaabudu mwili mtupu, na huo ni ujinga, ama haliabudu jua hata kidogo, anapita tu kwalo kama mtu apitavyo dirishani. Anayemdharau na anayemtetea wamekubaliana juu ya jua kabla hawajaanza kubishana juu ya mzee.

Hoja ya Malebranche na mahubiri ya Litein

Nicolas Malebranche (1638–1715) hasomwi sana siku hizi, hata katika vyuo vya Ulaya. Inasikitisha, kwa sababu yeye ndiye aliyeifikisha hoja hii mwisho wake, na mwisho huo ndio uliofika Kericho.

Alikuwa kasisi wa Paris na mfuasi wa Descartes. Katika kitabu chake cha kutafuta ukweli, De la recherche de la vérité, ambacho juzuu zake zilitoka mwaka wa 1674 na 1675, iko sura aliyoipa jina la kutisha: inahusu kosa lililo la hatari kuliko yote katika falsafa ya wahenga. Kosa lenyewe ni kuamini kwamba vitu vya maumbile vina uwezo wa kweli. Mtu akisema moto ndio unaounguza, jua ndilo linaloangaza na kuivisha, amevipa vitu hivyo uwezo; na uwezo wa kweli, asema Malebranche, ni jambo la kiungu. Kitu kinachoweza kweli kututendea mema au mabaya ni haki kukipenda na kukiogopa. Basi aliyewafuata wahenga hao, hata awe Mkristo moyoni, akilini mwake bado ni mpagani, na hana hoja ya kumzuia asiangukie ibada ya viumbe, mpaka ya vitunguu. Dawa ni moja: kuvinyima viumbe uwezo wote. Mpira mmoja ukigonga mwingine, si mpira uliosukuma. Mungu ndiye aliyesukuma, na kugongana kulikuwa sababu ya wakati tu. Jua likichomoza, Mungu ndiye anayeangaza.

Yafaa ikumbukwe kwamba hoja hii haikuwa ngeni pwani. Al-Ghazali alikuwa ameitoa karibu miaka 600 kabla, kwa mfano wake wa pamba na moto: moto hauchomi pamba, Mungu ndiye anayeumba kuungua pamba inapokaribiana na moto. Shehe wa Mombasa na kasisi wa Paris wangeelewana juu ya jua kwa haraka kuliko wote wawili wangeelewana na mzee wa Bureti.

Wamisionari waliofika katika nchi ya Wakipsigis, kuanzia Lumbwa Industrial Mission ya Willis Hotchkiss mwanzoni mwa karne ya 20, kisha Africa Inland Mission pale Litein, na World Gospel Mission iliyofika Tenwek katika miaka ya 1930, hawakuhitaji kumsoma Malebranche. Hoja yake ilikuwa imekwisha kuwa mazoea ya akili ya watu wa kwao: jua ni taa, na taa haiombwi. Vitabu vya shule viliifundisha pamoja na jiografia. Mtoto wa Kapkatet aliyeketi darasani alifundishwa asubuhi kwamba jua ni mpira wa moto, na Jumapili akafundishwa kwamba babu yake aliuomba mpira wa moto. Masomo hayo mawili yalitegemeana. Bila la kwanza, la pili halina nguvu.

Aliyepoteza hapo alikuwa mtoto, na alichopoteza ni jina. Katika makanisa ya Kikalenjin jina linalosikika katika sala na nyimbo ni Jehovah. Asis aliachwa mlangoni. Kwamba haikuwa lazima iwe hivyo kunaonekana Kilimanjaro. Wachaga nao walimwita Mungu kwa jina la jua, Ruwa, na Walutheri walipowahubiria walilichukua Ruwa wakaliingiza kanisani, nalo lingali humo. Jua lile lile, hoja ile ile, maamuzi mawili. Kwa hiyo falsafa haikuamua peke yake. Iliwapa watu sababu, nao wakazitumia kwa namna mbalimbali. Ila ni vigumu kuamini kwamba sababu hizo zingetolewa kwa sauti ya uhakika namna ile kama Ulaya ya karne ya 17 isingekwisha kulinyang’anya jua uwezo wake.

Kishawishi cha Spinoza

Msomi wa leo anayetaka kumwondolea mzee aibu ana mlango mwingine, na mlango huo unapendeza. Baruch Spinoza (1632–1677), aliyetengwa na jumuiya ya Wayahudi wa Amsterdam tarehe 27 Julai 1656, akaishi kwa kusaga vioo vya darubini, alikataa ile njia ya kujitoa ya Descartes. Kama dhati ni kile kisichohitaji kingine, basi na iwe hivyo kweli: dhati ni moja tu, nayo ni Mungu. Ina sifa zisizo na kikomo, na sisi twazijua mbili, kufikiri na kuenea. Vingine vyote, watu, ng’ombe, chai na jua, si dhati. Ni hali za dhati hiyo, mithili ya mawimbi katika bahari. Katika Ethica, iliyochapishwa mwaka wa 1677 baada ya kufa kwake, Mungu na Maumbile ni majina mawili ya kitu kimoja.

Kwa mafundisho haya, anayesema jua ni Mungu hakosei kama anavyodhani Descartes. Anakosea kidogo, kwa kulitaja wimbi kana kwamba ndilo bahari yote. Spinoza hata ana huruma na macho ya mchungaji. Anasema tunalipotazama jua tunaliona liko umbali wa futi kama 200 tu, na hata tukijua umbali wake wa kweli tutaendelea kuliona hivyo hivyo, maana kule kuona kwatokana na jua linavyougusa mwili wetu, na mguso huo ni wa kweli. Jua la mchungaji halifutwi na jua la mwanafalaki. Ndiyo maana mtu hushawishika kusema Wakipsigis walikuwa wafuasi wa Spinoza kabla ya Spinoza.

Maneno hayo hayafai. Kwanza, Asis anasikia. Aliombwa, alishukuriwa, aliitwa awe shahidi watu walipoapa. Mungu wa Spinoza haombwi kitu, kwa kuwa kila jambo linatoka kwake kwa ulazima kama pembe za pembetatu zinavyotoka katika asili yake. Na katika sehemu ya tano ya Ethica yameandikwa maneno magumu kwamba ampendaye Mungu hawezi kutaka Mungu naye ampende. Mzee anayetema mate ya baraka alfajiri anategemea jibu. Pili, mambo ya Kipsigis hayakukusanywa katika dhati moja. Walikuwako oiik, mizimu ya waliotangulia, na magonjwa mengi na mikosi mingi ya nyumbani ilipelekwa kwao, si kwa Asis. Kumfanya mzee kuwa mfuasi wa Spinoza ni kumheshimu kwa kumvalisha kanzu ya mtu mwingine.

Okot p’Bitek aliyasema haya kwa ukali mwaka wa 1970, katika African Religions in Western Scholarship, akiwalaumu kwa pamoja wamisionari na wasomi wa Kiafrika wanaoivika miungu ya Afrika mavazi ya Kiyunani. Mfano wake wa Waacholi haujapata kujibiwa vizuri. Wamisionari walipouliza ni nani aliyewaumba, wazee hawakuwa na neno la kuumba kwa maana hiyo. Swali likageuzwa likawa ni nani aliyewafinyanga, nao wakamtaja Rubanga, anayeaminika kuwakunja watu mgongo kwa ugonjwa wa uti. Jina hilo ndilo likawa la Mungu. Swali lililokosewa lilipata jibu sahihi, na jibu hilo likaandikwa katika vitabu vya dini.

Ukali wa p’Bitek lakini una kasoro yake. Kama kila ulinganisho ni uvishaji wa kanzu, hapana atakayefahamu chochote cha mwenzake, na hata neno Mungu katika sentensi ya Kiswahili kuhusu Wakipsigis lingekuwa haramu. Wazungu wenyewe walivishana kanzu. Pierre Bayle, katika kamusi yake ya mwaka wa 1697, alimkejeli Spinoza kwamba kwa mafundisho yake isisemwe Wajerumani wamewaua Waturuki elfu kumi, bali Mungu aliyegeuka Wajerumani amemwua Mungu aliyegeuka Waturuki elfu kumi. Kejeli hiyo inachekesha, na haimtendei haki Spinoza; lakini inaonyesha kwamba ugumu wa kusema kitu hiki ni Mungu haukuwa ugumu wa Waafrika peke yao.

Leibniz (1646–1716), aliyemtembelea Spinoza mjini The Hague mwezi wa Novemba 1676, alitafuta njia ya katikati na kuzirudisha dhati nyingi, ndogo ndogo, kila moja na uhai wake. Yatosha kutaja jambo moja. Alipofika mahali pa kueleza dhati hizo zinavyotoka kwa Mungu, katika Monadologie ya mwaka wa 1714, hakuwa na neno la hoja. Alisema zinatoka kwa mimweko ya Mungu isiyokatika, wakati hadi wakati. Wakipsigis na Wanandi wana jina moja la Asis, Chepkeliensokol, mwenye miguu tisa, na miguu hiyo ni miale. Si kwamba jambo ni moja. Ila mwanafalsafa mkubwa wa akili, alipoishiwa, naye aliazima kwa jua.

Neno “ni”

Labda kosa limejificha mahali padogo zaidi kuliko dhati. Anayeandika kwa Kiswahili “Asis ni jua” ametumia neno linalobeba mizigo mingi bila kuitofautisha. “Mvita ni Mombasa” na “Juma ni mwalimu” zina ni moja, lakini ya kwanza inasema vitu viwili ni kimoja na ya pili haisemi hivyo. Kiswahili kina njia za kubainisha kikitaka: Asis ndiye jua; Asis yumo katika jua; jua ni la Asis; jua ni jicho la Asis. Kila moja ni dini tofauti. Kikalenjin nacho, katika sentensi ya wakati uliopo ya namna hii, huyaweka majina mawili pamoja bila kitenzi cha kuwa. Mtafsiri analazimika kuweka kitu mahali ambapo mwenyewe hakuweka, na anachokiweka ndicho kinachobishaniwa baadaye na wataalamu.

E. E. Evans-Pritchard alilionyesha jambo hili kwa Wanuer, jamaa za mbali za Wakalenjin katika ukoo wa lugha za Kiniloti. Katika Nuer Religion (1956) anaeleza kwamba Mnuer aweza kusema juu ya mvua kwamba ni Mungu, lakini hatasema juu ya Mungu kwamba ni mvua. Sentensi haigeuki. Kama haigeuki, basi si usawa, na wala si lazima iwe ishara. Ni uhusiano wa namna ya tatu ambao Descartes hakuuwekea nafasi. Lau swali hilo la kugeuza sentensi lingeulizwa mapema katika kila kapkoros ya Bureti, kurasa nyingi za mabishano zisingeandikwa.

Ni rahisi kutoka hapa na kuanguka upande wa pili, kwa kudhani kwamba lugha yenyewe ndiyo falsafa. Alexis Kagame wa Rwanda alijaribu njia hiyo mwaka wa 1956 alipotoa katika ngeli za Kinyarwanda mafungu manne ya vitu vyote vilivyopo, umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu, na Mungu akamweka nje ya mafungu hayo. Kazi yake ni ya kuheshimiwa kuliko inavyoheshimiwa, na msemaji wa Kiswahili, mwenye mtu na kitu chake, huisoma kwa furaha. Lakini Kapkatet haina ngeli za Kibantu. Isitoshe, Wapokot, wanaosema lugha ya jamii hiyo hiyo ya Kikalenjin na wenye neno hilo hilo la Asis, humwita Mungu Mkuu kwa jina lingine, Tororot, na Asis kwao ni jua lililo chini yake. Upande wa kusini, Wairaqw wa Mbulu, ambao lugha yao ni ya Kikushi kabisa, wana Lo’a, jua na mlinzi wao. Christopher Ehret (1971) aliona katika kuunganisha Mungu na jua athari ya Wakushi juu ya Waniloti wa Kusini. Sarufi moja imebeba imani mbili, na imani moja imepita katika sarufi mbili.

Siku hizi Wakalenjin wengi wasomi huandika Asis wanapomkusudia Mungu wa mababu, na asista wanapokusudia jua linalokausha majani. Tofauti hiyo ni safi, inawafaa walimu wa dini, na inamwondolea babu lawama. Inategemea yale maumbo mawili ambayo karibu kila nomino ya lugha hiyo inayo. Mtoto naye ni lakwa kwa umbo la kwanza na lakwet kwa umbo la pili, na hapana mama wa Kapkatet aliyewahi kuhesabu lakwa na lakwet kuwa watoto wawili.